Mwagizaji anataka haki ya kipekee ya nchi tisa kwa asali yangu. Nisaini?

Mfungashaji ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nina kiwanda kidogo cha kufungasha asali. Siyo asali ya madumu. Ni ya ua moja, ya msimu mmoja, inaingia kwenye chupa ya kioo ya gramu 500 yenye kifuniko cha mbao, na kila chupa ina kiboksi chake. Wateja wengi wanainunua kama zawadi. Soko la nyumbani limeshafika ukingoni: wanaoweza kulipa bei yetu wametujua wote, na hawaongezeki.

Kwenye maonyesho ya Gulfood kule Dubai nilikutana na mwagizaji mmoja. Akaonja, akapenda, akabeba sampuli, na sasa ameleta rasimu ya mkataba. Anataka haki ya kipekee ya kuuza katika nchi zote sita za Ghuba, pamoja na India, Indonesia na China. Miaka mitano. Bei CIF, yaani nauli na bima ya safari tunalipa sisi. Malipo siku 90 baada ya mzigo kufika. Oda ya kwanza paleti mbili, halafu "tutaangalia soko linavyokwenda". Usajili wa bidhaa na alama ya biashara atashughulikia yeye ili sisi tusisumbuke.

Mshirika wangu anataka tusaini kabla jamaa hajabadili mawazo. Mimi kuna kitu kinanikwaza kwenye hiyo karatasi na siwezi kukinyooshea kidole. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: hayo masharti ni ya kawaida? Na kama mngekuwa mimi, mngeanza na soko lipi?

---

Karani wa Shehena amejibu:

Ndugu Mfungashaji, usisaini. Wala usimkatae. Mtu aliyeonja, akapenda, kisha akaleta karatasi ana thamani kuliko kadi zote za biashara ulizorudi nazo kutoka kwenye maonyesho. Ila hiyo rasimu irudi kwake ikiwa na sura nyingine.

Kazi yangu ni nyaraka za mauzo ya nje, vyakula tu. Nikiletewa mkataba kama huo siangalii bei kwanza. Naangalia siku mtakapoachana, karatasi zitabaki mikononi mwa nani. Kinachokukwaza naamini ni ile ahadi ya "msisumbuke".

Chukua Indonesia. Chakula cha kigeni kilichofungashwa hakiingii dukani kihalali bila namba ya BPOM, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, ile inayoanza na herufi ML, na anayeiomba ni mwagizaji wa hukohuko akiwa na barua ya uteuzi kutoka kwako. Sasa umempa mtu miaka mitano. Mwaka wa pili ameagiza paleti mbili tu, nawe umempata mwingine mwenye maghala na maduka. Wa kwanza ana barua yako, ana mkataba wa kipekee, na hana haraka. Utakaa unamwangalia. Usajili wa namna hiyo huwezi kuukwepa, lakini unaweza kuandika kwamba barua ya uteuzi ina tarehe ya kuisha, na kwamba mkataba ukivunjika ana siku kadhaa za kusaini kuachia au kufuta usajili. Akikataa kipengele hicho, amekwambia alichokuwa amekusudia.

Alama ya biashara usimwachie kabisa, hata akiapa. China mwenye jina ni yule aliyetangulia kulisajili. Kwamba wewe umelitumia miaka kumi kwenu ni hadithi ndefu ya kwenda kuwasimulia mawakili. Kama nchi yako ni mwanachama wa mfumo wa Madrid unaosimamiwa na WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, unapeleka ombi moja kupitia ofisi ya kwenu na kuchagua nchi unazotaka. Umoja wa Falme za Kiarabu, India, Indonesia na China zote zimo. Lipia hata kama hujapata mnunuzi huko. Kwa jina lako, siyo jina lake.

Nije kwenye nchi tisa. Huyu bwana ana ofisi Dubai. Nina hakika anaijua Dubai. China haijui, na hilo naliona kwa sababu ameiweka kwenye orodha kana kwamba ni mtaa wa pili. Tangu tarehe 1 Januari 2022 viwanda vya kigeni vinavyopeleka chakula China lazima viwe vimesajiliwa na forodha ya huko, GACC. Bidhaa nyingine kiwanda kinajisajili chenyewe. Mazao ya nyuki yamo kwenye kundi la vyakula ambavyo kiwanda lazima kipendekezwe na mamlaka ya serikali ya nchi yake. Maana yake ni kwamba kabla ya kumuuliza mwagizaji lolote, nenda kwa mamlaka yenu inayosimamia mazao ya mifugo uwaulize kama asali yenu ina ruhusa ya kuingia China na kama wanapendekeza viwanda. Kama jibu ni hapana, hakuna wakala duniani wa kukusaidia, na hiyo haki ya kipekee ya China aliyoiomba ni kufuli kwenye mlango ambao haujajengwa.

India nayo ina kanuni inayowakamata wengi. Chakula kikifika forodhani lazima kiwe kimebakiwa na angalau asilimia 60 ya muda wake wa matumizi, au miezi mitatu kabla ya kuisha, chochote kilicho kifupi. Asali haitakusumbua sana hapo kwa kuwa unaipa muda mrefu. Utasumbuliwa na lebo. Wanakuruhusu kubandika stika wakati mzigo uko forodhani kwa mambo machache, kama jina na anwani ya mwagizaji, nembo na namba ya leseni ya FSSAI (mamlaka ya usalama wa chakula ya India), na ile alama ya chakula cha mboga au cha nyama. Tarehe ya kufungashwa au namba ya toleo ikikosekana, stika haikuokoi, mzigo unakataliwa.

Na kwa kuwa Indonesia umeitaja: sheria yao ya halali, namba 33 ya mwaka 2014, inafikia vyakula vinavyoagizwa kutoka nje tarehe 17 Oktoba 2026. Cheti cha halali cha kwenu kinafaa iwapo taasisi iliyokitoa inatambuliwa na BPJPH, wakala wa serikali ya Indonesia wa vyeti vya halali. Usidhani kwa sababu ni asali basi umepita. Uliza.

Ushauri wangu: mpe Falme za Kiarabu peke yake. Mwaka mmoja wa majaribio, kisha miaka miwili akitimiza kiwango cha chini cha manunuzi. Nchi nyingine za Ghuba ziwe haki ya kwanza ya kuulizwa, zisiwe zake bado. Hata majirani hao hawafanani: VAT Falme za Kiarabu ni asilimia 5, Saudi Arabia ni asilimia 15 tangu Julai 2020. Bei inayokaa vizuri rafuni Dubai inaweza kuonekana kichekesho Riyadh.

---

NilikuwaMnunuzi amejibu:

Karani amemaliza upande wa karatasi. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, nikinunua vyakula vya bei ya juu kwa ajili ya maduka, kwa hiyo acha niseme anachowaza huyo mwagizaji.

Kwanza, hajaribu kukuibia, au tuseme si lazima. Kuomba nchi tisa ni tabia. Ukimpa ataziweka kwenye kabati, maana kuwa nazo hakumgharimu kitu. Muulize tu: "Indonesia unauza kwa nani sasa hivi?" Atajibu kwa majina ya maduka, au atajibu kwa maneno mengi.

Pili, bei. Watu wenye bidhaa nzuri hupanga bei kuanzia kiwandani kwenda mbele, halafu wanashangaa bidhaa haitoki. Anza rafuni urudi nyuma. Chukulia chupa inatoka bandarini kwenu kwa 100, haijalishi pesa gani. Weka nauli na bima, iwe 112. Ushuru tuseme asilimia 15, unafika karibu 129. Kutoa mzigo, maabara, ghala: 137. Mwagizaji akiweka asilimia 25 yake, ni 171. Msambazaji 20, ni 205. Duka 35, ni 277. VAT ya asilimia 10, mteja analipa zaidi kidogo ya 300. Mara tatu! Na hapo hakuna aliyekuwa mlafi. Viwango hivyo ni vya mfano, kila nchi ina vyake, lakini sura ya ngazi ndiyo hiyo. Nenda ukaangalie asali za jirani kwenye rafu unayoitaka zinauzwa ngapi, kisha rudi nyuma uone kama unabaki na kitu.

Ukigundua hubaki na kitu, usipunguze asali ndani ya chupa. Ondoa ngazi. Bidhaa ya zawadi haihitaji msambazaji wa nchi nzima. Mwagizaji anayeuza mwenyewe kwa hoteli na maduka ya zawadi anatosha, na ile 205 haipo tena.

Tatu, hiyo "ua moja". Ushahidi wako ni upi? Mimi ningekuomba uchunguzi wa chavua kutoka maabara inayotambulika, kwa kila toleo. Angalia New Zealand na mānuka. Tangu mwaka 2018 serikali yao haikubali asali isafirishwe kwa jina hilo mpaka ipite kipimo cha kemikali nne na alama moja ya DNA. Wafugaji walinung'unika sana. Lakini mnunuzi wa Shanghai ambaye hajawahi kuiona hiyo nchi analipa bei ile kwa sababu kuna mtu amepima kwa niaba yake. Wewe huna serikali iliyokufanyia hivyo, basi jifanyie: cheti cha maabara kwenye tovuti, kwa namba ya toleo iliyo kwenye chupa.

Mwisho, majira. Umesema ni zawadi, basi kalenda ya zawadi ndiyo bosi wako. Ghuba ni Ramadhani na Idi, na Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haikusaidii. Mnakumbuka ile meli ya matunda ya cheri kutoka Chile, Januari 2025? Makontena zaidi ya 1,300, yote ya kuwahi mwaka mpya wa Kichina. Injini ikafa katikati ya Pasifiki, mzigo ukafika Februari sikukuu imeshapita. Cheri zilikuwa zimeharibika, sawa. Lakini hata zingefika nzima, aliyekuwa anatafuta zawadi alikuwa ameshanunua kitu kingine. Mzigo wako ukae kwenye ghala la mwagizaji wiki sita kabla ya msimu. Asali inavumilia hilo, na ni faida ambayo muuza matunda hana.

---

Mfungashaji ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimemsomea mshirika wangu yote na amenyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Nimeuliza mamlaka yetu kuhusu China. Hatumo kwenye orodha ya asali. Kwa hiyo China imejifuta yenyewe.

Mwagizaji nimemuuliza Indonesia anauza kwa nani. Alijibu kwa maneno mengi.

Yamebaki mawili. Siku 90 ni za kawaida? Anasema wote wanampa hivyo. Na la pili ni kuganda. Asali yetu inaganda haraka, ni tabia ya hilo ua. Hapa wateja wanajua, huko nahofia wataona chupa imekuwa nyeupe nusu waseme tumetia sukari.

---

Karani wa Shehena amejibu:

Siku 90 ni za kawaida kati ya watu wanaofahamiana. Oda ya kwanza siyo mahali pake. Na ziangalie pamoja na hiyo CIF, usizitenganishe.

Kwenye CIF unalipa nauli na bima wewe, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini. Vizuri kwenye karatasi. Sasa bima ambayo Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo kama CIF, inakulazimisha kununua kwenye CIF ni ya chini kabisa, Vipengele C. Hiyo inalipa meli ikizama, ikiungua, ikigongana. Chupa zilizovunjika kwa sababu paleti imeyumba hailipi. Wewe unauza kioo! Mzigo ukifika na katoni zinazovuja, kisheria hasara ni ya mnunuzi, ila pesa bado anazo yeye kwa siku 90. Atakata anachotaka na utabaki kuandika barua pepe. Kwa hiyo ama nunua bima ya Vipengele A, ile pana zaidi, ama uza CIP, sharti jingine ambalo nauli na bima pia unalipa wewe, ila linaidai hiyo A tangu mwanzo. Tofauti ya bei ya bima kwa paleti mbili ni ndogo.

Malipo: oda ya kwanza mwombe asilimia 40 au 50 kabla ya kupakia, iliyobaki akiona nakala ya BL (hati ya shehena ambayo kwayo mzigo unachukuliwa), na BL halisi isitoke mkononi mwako au benki mpaka pesa iingie. Wengine watakwambia fungua LC, yaani barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi kukulipa ukileta nyaraka. Kwa paleti mbili gharama za benki zitakula faida, na LC ina ukali wake. Benki inaangalia karatasi, haiangalii asali. Jina la bidhaa kwenye ankara likigongana na lililoandikwa kwenye LC, wana haki ya kukataa. LC ngojea ukianza kujaza kontena. Oda ya tatu au ya nne, kama analipa kwa wakati, mpe siku 30 kisha 60. Kama nchi yako ina bima ya mauzo ya nje kwa mkopo, hapo ndipo pa kuitumia.

Kuganda sasa. Usiweke kwenye kontena la baridi ukidhani unaiokoa. Asali inaganda upesi zaidi kwenye nyuzi kama 14 hivi. Na usiichemshe sana kabla ya kufunga ili ikae maji. Joto linapandisha HMF, kemikali inayoonyesha asali imepashwa, na ikipanda haishuki. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali inayotangazwa kutoka maeneo ya tropiki. Ukitoka kiwandani ukiwa na 35 kwa sababu umeipasha, halafu kontena likae juu ya sitaha kwenye jua la Ghuba na wiki moja bandarini, maabara ya huko itasoma namba nyingine na utaonekana mchakachuaji. Pima siku ya kupakia, weka chupa chache za toleo hilohilo kwako zikiwa zimepigwa lakiri, na muombe wakala wa meli nafasi chini ya sitaha. Ahadi hupati, ila ombi likiandikwa linasaidia. Unyevu nao usizidi asilimia 20, hiyo nayo ni Codex, la sivyo itachacha njiani na vifuniko vyako vya mbao vitaanza kuinuka.

Paleti ziwe na muhuri wa ISPM 15, yaani mbao iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kiini. Ni kitu kidogo kinachozuia mizigo mikubwa.

---

NilikuwaMnunuzi amejibu:

Kuhusu kuganda niongezee kidogo. Uza ikiwa imeganda. Siyo iliyoganda nusunusu kama mchanga chini ya chupa, hiyo kweli inatia shaka. Igandishe kwa makusudi iwe laini, ya kupakwa, ifike hivyo na ibaki hivyo. Mnunuzi hana cha kulinganisha wala cha kulalamikia. Kama hilo haliwezekani, andika mgongoni mwa kiboksi, kwa Kiarabu, kwamba itaganda na namna ya kuirudisha kwa maji ya vuguvugu. Lebo ya Kiarabu unatakiwa kuwa nayo kwa vyovyote, kwa hiyo nafasi ipo.

---

Tahadhari ameandika:

Naona wote mnamsukuma kwenye nchi moja na mnunuzi mmoja. Mvinyo wa Australia mmeusahau? China ilikuwa mteja wao mnono, mwaka 2021 ukawekewa ushuru wa hadi asilimia 218, mpaka Machi 2024 ndiyo ukaondolewa. Samaki aina ya salmoni wa Norway naye aliwekewa vikwazo China baada ya ile tuzo ya Nobel ya mwaka 2010 iliyotolewa Norway kwa mpinzani wa serikali ya China, miaka sita. Mwenye soko moja anangoja siku yake.

---

Karani wa Shehena amejibu:

Ndugu Tahadhari, hao walikuwa wanajaza meli. Mwenye paleti mbili akizigawa nchi nne, atakuwa na usajili nne, lebo nne, maabara nne na robo tatu ya mzigo imekaa ghalani ikingoja stika. Ataishiwa pesa kabla siasa haijamfikia. Ila hoja yako inaingia mahali pengine: ndiyo sababu ya kutompa huyu bwana nchi nyingine nane. Zikae wazi.

---

Mfungashaji ameandika:

Nimempelekea masharti mapya. Falme za Kiarabu tu, mwaka mmoja, CIP, asilimia 50 kabla na iliyobaki kwa nakala ya BL, alama ya biashara tunasajili wenyewe. Kiwango cha chini: lazima aagize paleti nane ndani ya mwaka ili mkataba uendelee. Amekubali yote isipokuwa malipo ya awali, anataka asilimia 30. Na anaomba Oman iongezwe kwa kuwa ana duka Muscat, amenitumia na picha za rafu.

---

Karani wa Shehena amejibu:

30 chukua, mradi BL inabaki kwako. Oman mpe, mtu mwenye rafu siyo sawa na mtu mwenye orodha. Ila hicho kiwango cha chini kisihesabu paleti alizoagiza, kihesabu alizolipia. Vinginevyo Novemba ataagiza sita kwa mpigo ili ashikilie mkataba, na Januari atakwambia azifute.